Tundu la Sindano

Jina la Mkavu hakupewa na mama yake. Alipewa na wenzake kazini, kwa sababu bomba lolote alilolifunga yeye lilibaki kavu kwa nje mpaka ukuta wenyewe uchoke kulishika. Alikuwa fundi bomba wa jengo moja refu la ofisi, na ofisi yake yeye ilikuwa chini kabisa, kwenye chumba cha pampu kisicho na dirisha. Aliingia humo akiwa na nywele, akatoka akiwa na pensheni. Huko juu watu walibadilishana vyeo, viti na wachumba. Yeye chini alibadilisha raba za koki, na hakuona kama amepunjwa.

Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuona kitu kinavuja akanyamaza. Siku ya kwanza kwenda kwa wakwe, nusu ya mazungumzo aliyasikiliza akiwa amelala chali chini ya sinki lao. Kwenye msiba wa jirani aliwahi kunyanyuka katikati ya hotuba kwa sababu choo cha uani kilikuwa kinalia maji. Watu wakadhani amezidiwa na majonzi, wakampisha kwa heshima. Alirudi akipangusa mikono, uso umemchangamka, mpaka mtu akamkonyeza akumbuke yuko wapi.

Ugonjwa huo ulipona mahali pamoja, napo ni mlangoni kwake. Akishauvuka mlango wa nyumba yake, mtu huyu alikuwa mzima wa afya. Koki ya jikoni kwake ilianza kudondosha maji mtoto wao wa kwanza akiota meno, na mtoto huyo sasa ana watoto wanaoota meno. Chini ya koki palikaa bakuli la bati, tok, tok, tok, mchana kutwa. Mkewe akilisema jambo hilo, Mkavu hujibu, "Nitaitazama, Mama." Na kweli aliitazama. Aliitazama kila asubuhi wakati wa kunawa uso.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na sebule ndiyo iliyokuwa kiwanda chake. Cherehani ya miguu ilikaa dirishani kutazama uani, meza ya kukatia ilikaa ubavuni, na sakafuni palikuwa na mkeka mpana wa kutandazia vitambaa vya watu. Mama huyu alikuwa na namna yake ya kutamka hayo maneno, "vitambaa vya watu," kiasi kwamba hata paka wa jirani akiingia alipita kandokando ya ukuta.

Siku ya Mkavu kustaafu, meneja mpya wa jengo aliwakusanya watu pale mapokezi, akalisoma jina lake kwa kulikosea, akamshukuru kwa mchango wake mkubwa katika mambo ya umeme. Kisha akamkabidhi zawadi. Zawadi ilikuwa lile tangi la samaki lililokaa pale mapokezi miaka nenda rudi. Meneja alikuwa ameshaning'iniza ukutani skrini pana yenye picha za samaki wanaoogelea, samaki wasiokula wala kunya, na kwa siku kadhaa alikuwa anatafuta mtu wa kumtupia wale wa kweli. Kustaafu kwa fundi bomba kulimwangukia kama bahati ya mtende. Mtambo wa kusafishia maji haukuwemo kwenye zawadi, maana ulikwisha kuungua. Ndani ya tangi walikuwemo samaki wanne wekundu, mmoja mkia umechanika, mmoja mnene kupita kiasi, na maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai iliyolala.

Watu wakapiga makofi. Mkavu akainama kuwatazama samaki, akagonga kioo kwa kidole kuwasalimu. Hawa ndio waliomwona akiingia kila asubuhi, na hawakuwahi hata mara moja kumwuliza anakwenda ghorofa ya ngapi.

Aliyemsaidia kubeba tangi mpaka nyumbani ni mdogo wake, wa tumbo moja, ambaye Mkavu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi na ambaye siku hiyo alirithi funguo za chumba cha pampu. Walimkuta mke wa Mkavu amesimama mlangoni, futi ya kupimia inaning'inia shingoni.

"Hiyo nini?"

"Zawadi ya kustaafu," Mkavu akasema, jasho linamtoka.

"Umewatilia maji maisha yako yote, na wao wakakupa maji."

"Na samaki, shemeji," mdogo mtu akaingilia kati, akidhani anasaidia.

"Ninawaona. Sasa vinakwenda wapi hivyo vyote? Sebuleni kwangu? Kwenye vitambaa vya watu?"

"Mama, wewe unanijua," Mkavu akasema. "Tangu tuoane, umewahi kusikia bomba langu limevuja?"

Mkewe aligeuza uso polepole kuelekea jikoni. Tok, ikasema koki. Tok. Mdogo mtu akapata kikohozi.

"Sikiliza, Mzee," mama akasema hatimaye. "Weka. Lakini siku nitakayoona tone moja sakafuni, tone moja tu, hao samaki wako wanaingia kikaangoni."

"Hawaliwi hawa."

"Nitajikaza."

Mdogo mtu alicheka mpaka tangi likayumba. Mkavu hakucheka. Alimjua mkewe: alikuwa mtu wa kusema mara moja, na alilolisema alilitenda, iwe ni kumshonea mtu gauni au kumfukuza mlangoni. "Tone moja," akakubali, na wakapeana mikono kabisa, shahidi akiwa ameshika upande mmoja wa zawadi.

Sasa lilibaki suala la maji yenyewe. Samaki chumba chake cha kulia na choo chake ni kimoja, kwa hiyo maji yakisimama, baada ya muda wanaogelea kwenye sumu yao wenyewe. Inabidi maji yashuke, yachujwe, yapande tena, na yasipumzike. Mkavu alikaa mbele ya tangi ameshika tama. Maisha yake yote alikuwa mtu wa maji ya kuja na kwenda: yanaingia masafi kwa juu, yanatoka machafu kwa chini, na yakishatoka hayakuhusu tena. Maji yanayorudi hakuwahi kuyafikiria. Wazo hilo lilimpendeza kuliko alivyotarajia, labda kwa kuwa na yeye alikuwa amerudi nyumbani tu, na hakuna aliyekuwa amemwambia arudi afanye nini.

Alikwenda kwa muuza samaki wa mapambo, dada mmoja mwenye kibanda ubavuni mwa kinyozi, akaonyeshwa mtambo wa dukani ndani ya boksi zuri. Aliugeuza, akaupuliza, akauchungulia kwa jicho moja.

"Hiki ndicho mnachowauzia watu? Binti yangu, hiki natengeneza nikiwa usingizini."

"Haya, baba," dada akasema, akiurudisha kwenye boksi. "Ukiamka, njoo."

Mkavu akahamia uani. Ile ahadi ya tone moja ilikuwa kichwani, kwa hiyo aliapa kwamba hakuna kitakachoingia sebuleni kabla hakijajaribiwa nje. Mpango ulikuwa rahisi. Pembeni mwa tangi, juu, palikuwa na tundu lililoachwa na ule mtambo wa zamani. Hapo akafunga bomba la kushushia, ili maji yakizidi kimo yateremke yenyewe mpaka kwenye ndoo yenye kifuniko chini. Ndani ya ndoo akapanga sponji nene, chini ya sponji kokoto zilizooshwa, na chini kabisa pampu ya kuyarudisha maji juu kwa bomba la pili. Maji yanashuka kwa uzito wake, yanapanda kwa umeme. Kila kiungio alikikaza kama anamfungia adui.

Pampu ya kwanza aliitoa kwenye mashine ya kufulia iliyokufa, kwa sababu hakuona haja ya kununua kitu ambacho kipo. Alipoiwasha, samaki walizungushwa kama soksi. Yule mnene alipita mbele ya kioo akiwa kinyumenyume, macho yamemtoka pima. Mkavu alirukia swichi, akawaomba radhi kwa sauti, na mkewe, aliyekuwa akishona dirishani, akasikia.

"Unawafua?" akauliza.

Pampu ya pili ilikuwa ndogo, ya kununua, na upole wake ulitosha. Maji yalipanda, yakamwagikia ndani ya tangi kutoka juu kama mfereji mdogo, safi, bila kukosea. Mkavu akaleta kiti akakaa kuyatazama. Haukupita muda dirisha likafunguliwa.

"Mzee, hayo maji yanavyolia, mimi nashindwa kushona. Kila nikianza mshono inabidi niende chooni."

Mkavu akalirefusha bomba la kurudishia mpaka mdomo wake ukazama chini kabisa ya tangi, na kelele ikaisha. Alijisifu kimoyomoyo. Kisha, ili kumaliza kazi kifundi, akachomoa waya wa umeme aone pampu ikisimama hali itakuwaje.

Pampu ilisimama, lakini maji yaligoma kusimama. Yaligeuza njia, yakaanza kurudi chini kwa bomba lile lile yalilopandia, kama vile dereva anavyofyonza mafuta kwa mpira: ukishayaanzisha hayasubiri kuambiwa. Ndoo ikajaa, ikafurika, uani pakawa bwawa, na samaki wakabaki na maji ya kufunika matumbo. Kule dirishani mkewe alikuwa ameegemeza kidevu kiganjani.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu."

"Hapa ni nje! Nje hakuhesabiwi!"

"Najizoeza tu."

Hapo Mkavu alitoka jasho. Alileta ndoo kubwa zaidi, haikuingia kwenye kabati la sebuleni ambalo tangi lingekaa juu yake. Akafunga kilango cha kuzuia maji yasirudi, kile kidogo chenye springi. Kikafanya kazi vizuri mpaka uchafu wa samaki ulipokikwamisha kikabaki wazi, uani pakajaa tena. Umeme mtaani ulikuwa na tabia ya kukatika bila hodi, na kila alipowaza kukatika huko aliona kikaango. Mwishowe akapiga moyo konde, akarudi kibandani kwa dada.

"Umeamka, baba?"

Mkavu akameza mate, akaeleza. Dada alimsikiliza huku akiwalisha samaki wake.

"Tundu," akasema.

"Tundu gani?"

"Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, juu kidogo ya maji ya tangi. Umeme ukikatika, linavuta hewa, maji yanaacha kurudi. Basi."

"Na umeme ukiwepo?"

"Linavuja kidogo. Linavujia humo humo ndani ya tangi, halina shida."

Mkavu alimtazama kama aliyetukanwa mbele ya watu. "Binti yangu, unajua unaongea na nani? Mimi nitoboe bomba? Bomba zima, la kwangu, nililolifunga mwenyewe, nilitoboe livuje?"

"Au usitoboe," dada akasema kwa upole. "Mna kidekio nyumbani?"

Alirudi nyumbani kwa miguu, akibishana na hewa. Maisha yake yote alikuwa akiziba matundu. Ndiyo sababu watu walimjua, ndiyo sababu walimsalimia. Kumwambia Mkavu atoboe bomba kwa makusudi ni sawa na kumwambia kinyozi ampandikize mteja nywele. Lakini alipofika akawakuta wale samaki uani, kwenye beseni la kuazima, wanatweta, yule wa mkia uliochanika amejibanza pembeni. Akaingia ndani, akasimama mbele ya cherehani.

"Mama, nisaidie sindano."

"Umechanika wapi?"

Akamweleza. Mkewe aliacha kukanyaga pedeli. Hakucheka, na hilo lenyewe lilikuwa heshima kubwa. Alichagua sindano moja nene kutoka kwenye kile kifuko chake cha pamba, akaiwasha moto kwa kiberiti mpaka ikawa nyekundu, akamkabidhi akiwa ameishika kwa kipande cha jinzi. Mkavu alifumba jicho moja, akauma meno, akalichoma bomba lake mwenyewe. Lilitoa moshi mwembamba na harufu ya plastiki. Akajisikia kama mwizi.

Na lile tundu likafanya kazi. Pampu ikiwaka, ulitoka hapo uzi mwembamba wa maji, ukapinda na kuangukia ndani ya tangi. Umeme ukikatika, tundu lilivuta hewa kwa sauti ya mtu anayekunywa uji wa moto, fyuuu, na maji yote yakasimama pale pale. Mtambo ukaingia sebuleni, ndoo kabatini, tangi juu yake. Wageni wakija Mkavu alilifunika tundu kwa ua la plastiki, kwa sababu mambo mengine hayaanikwi mbele za watu.

Kila umeme ulipokatika, aliinua kidole juu. "Sikiliza sasa, Mama." Fyuuu. "Umesikia?" "Nimesikia, Mzee." Wanaume wengine wakistaafu hupewa saa ya ukutani. Yeye alipata mlio huo, na aliusubiri kwa hamu kiasi cha kuombea umeme ukatike.

Mkewe kwa upande wake hakukubali kushindwa kwa maneno. Samaki walibaki kuwa "samaki wako". "Samaki wako hawajala." "Samaki wako wananitazama nikishona." Yule mnene, aliyekuwa akiwasukuma wenzake na kula cha kila mtu, alimbatiza Meneja, na habari zake alizitoa kila siku. "Meneja wako leo kamfukuza tena yule wa mkia." Hata hivyo, Mkavu aliona kwamba cherehani ilikuwa imesogea. Ilianza dirishani, ikafika katikati ya chumba, na siku moja akaikuta imekaa hatua chache kutoka kwenye tangi. Alipouliza, aliambiwa ni kwa sababu ya mwanga. Mwanga ulikuwa dirishani, lakini Mkavu si mtu wa kumgombeza mwenzake juu ya mwanga.

Basi siku moja mdogo wake akaja kuwatembelea, amebeba furushi. Lilikuwa kitambaa cha mapazia, rangi ya maziwa, kizito, cha ofisi ya meneja: yeye ndiye aliyempigia shemeji yake debe mpaka akapata kazi hiyo. Mama alifurahi, akakipokea kama mtoto mchanga, akaenda nacho chumbani kukihifadhi. Mkavu naye, kwa kufurahi, akaenda jikoni kuchemsha chai, na furaha hiyo ikamsahaulisha ua la plastiki.

Mdogo mtu akabaki peke yake na tangi. Aliinama kuwatazama samaki wa zamani wa kazini, na hapo akauona ule uzi wa maji. Alishtuka, akaangalia vizuri. Lilikuwa tundu kwenye bomba la kaka yake, na linavuja, halafu kando yake pana ua la plastiki la kulifichia! Moyo ukamuuma kwelikweli. Kaka, ambaye jengo zima lilimwita Mkavu, ustadi wa mikono umeshamwondoka, na anaficha kwa ua la plastiki. Akakumbuka kanuni aliyoshindiliwa na kaka huyo huyo kwenye chumba cha pampu toka siku ya kwanza: ukiona tundu, ziba, usitangaze, mwenye bomba usimwaibishe. Mfukoni hakukosa ile gundi ya mafundi ya kukanda, inayokauka ikawa jiwe. Akachomoa waya kidogo, akafuta, akakanda, akaziba, akalainisha kwa kidole gumba, akachomeka waya. Kaka yake alipotokea na chai, alikuta mdogo wake amekaa kitini, macho yamemlengalenga.

"Vipi?"

"Hakuna, kaka. Nakuombea maisha marefu."

Mkavu aliona ni maneno ya mtu aliyeshiba mapenzi, akamwongezea sukari.

Kesho yake mchana mapazia yalikuwa yametandazwa mkekani, yamepimwa na kuchorwa chaki, mama amepiga magoti na mkasi. Mkavu alikuwa kitini. Umeme ukakatika. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama, na Mkavu akainua kidole.

"Sikiliza sasa, Mama."

Wote wawili wakasikiliza. Jikoni, tok. Tok. Kwenye tangi, kimya.

"Bado," Mkavu akasema, kidole kiko juu. "Linavuta pumzi."

Aliyeshtuka kwanza ni mkewe, aliyekuwa karibu na sakafu. Mlango wa kabati ulikuwa unatoa ulimi wa maji, mpana, wa kijanikijani, unakuja taratibu na kwa adabu kuelekea kwenye mkeka. Mpaka Mkavu alipofika kwenye bomba akalichomoa majini, mapazia ya meneja yalikuwa yamelowa upande mzima, chaki inaelea, na uchafu wa samaki umetanda juu ya rangi ya maziwa.

Mama aliyakusanya mapazia kifuani, maji yanamtiririka mpaka miguuni, akatoka nayo uani. Mkavu akalishika bomba, akatafuta tundu lake, akalikuta limezibwa. Limezibwa kwa ustadi, kingo zimelainishwa kwa kidole gumba kutoka kulia kwenda kushoto, kama yeye anavyofanya, kama alivyomfundisha mtu mmoja tu duniani. Akapiga simu.

"Ulizibaje bomba langu?"

"Kaka," mdogo wake akajibu kwa sauti ya chini, ya hospitalini. "Usijali. Uzee unatufika sote. Sitamwambia mtu."

"Lile tundu nilitoboa mwenyewe!"

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe! Kwa sindano!"

"Kaka," mdogo mtu akasema, "shemeji anajua? Au nije tumpeleke mtu kwa daktari?"

Mkavu akakata. Angeweza kumtupia mdogo wake lawama zote, na haki angekuwa nayo. Lakini kanuni aliyoifuata ilikuwa yake yeye, na ahadi nayo ilikuwa yake, na ahadi haikusema tone la nani. Kikaango hakikumtisha tena. Kilichomuuma ni kwamba mkewe alitoka na yale mapazia bila kumtupia hata neno la kejeli. Katika maisha yao yote hakuwahi kumnyima kejeli.

Akachota maji ya tangi yaliyobaki akayatia kwenye ndoo, akawahamisha mmoja mmoja: yule wa mkia, wale wawili wa kawaida, na Meneja, aliyepiga maji kwa hasira kama kawaida ya mameneja. Dada wa kibandani atawapokea, ni mtu wa utu, japo atacheka. Akatoka na ndoo. Njia ilikuwa moja, ya uani, na uani alikuwepo mkewe ameinamia beseni la povu.

"Unakwenda wapi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Kibandani. Tulikubaliana, Mama."

"Nilisema nini?"

"Tone moja."

"Lile lilikuwa tone?"

Mkavu akafikiri kwa uaminifu. "Hapana. Yalikuwa mengi."

"Basi. Mengi sikuyasema." Akalikamua pazia, mishipa ikamtoka mikononi. "Haya yatatakata. Jamaa mwenye mapazia alikataa samaki ofisini. Sasa atawanusa."

"Usinionee huruma. Neno ni neno."

"Nani kakuonea huruma?" Sasa alinyanyuka, povu mpaka viwikoni, na kejeli yote ikarudi mahali pake. "Wewe ukitaka kwenda kibandani, nenda hata sasa hivi, ukae huko ulishwe. Lakini hao kwenye ndoo unawapeleka wapi? Umeniuliza? Mtu anabeba samaki wangu kama anabeba uchafu wa jikoni, hata kuaga hakuna!"

Mkavu alisimama na ndoo yake. Alilisikia lile neno moja, "wangu", akangoja kama mkewe atalirekebisha. Hakulirekebisha. Akaweka ndoo chini taratibu, na alipoinuka hakuweza kuona vizuri beseni liko wapi na mke yuko wapi. Mtu huyu hakulia alipostaafu, wala walipolikosea jina lake. Sasa chozi lilimtoka, likateremka polepole pembeni mwa pua, likaangukia kwenye sakafu ya uani.

Mkewe alilifuata kwa macho mpaka lilipotua.

"Moja," akasema.

Kisha akapangusa mikono kwenye kanga, akaingia ndani kutafuta ile sindano nene, na kule jikoni koki ikaendelea na shughuli zake.